Nyama ya Dirishani: Rhodesia ya Kaskazini Ilipokuwa Ikiungojea Uhuru

Duka la nyama la Mzungu katika mji wa Lusaka, mwanzoni mwa miaka ya 1950, lilikuwa na njia mbili za kununulia. Njia ya kwanza ilikuwa mlango wa mbele unaotazama barabara, ambao mteja aliupita akaingia kivulini, akasimama mbele ya meza ya muuzaji, akaonyesha kwa kidole pande alitakalo na kulishuhudia likikatwa na kutiwa mizanini. Njia ya pili ilikuwa kidirisha kilichotobolewa ukutani, ubavuni mwa duka au nyuma yake, na hapo ndipo Mwafrika, awe karani au mwashi, mwalimu au mke wa mchimba shaba, alipolazimika kupanga foleni juani na mvuani, akatoa shilingi zake, kisha akangojea mkono umtolee kifurushi kilichokwisha kufungwa tangu ndani.

Hakuwa na ruhusa ya kuchagua, wala ya kukifungua kifurushi pale pale akakikagua na kukirudisha. Aghalabu ilikuwa mpaka afike nyumbani ndipo ajue kama amepewa mnofu au mfupa na mafuta, na mara nyingine harufu ilimpa habari kabla hajafungua karatasi. Nyama ya namna hiyo ilikuwa na jina lake madukani, nyama ya maboi, na jina hilo halikubadilika hata pale mnunuzi alipokuwa mtu mzima mwenye wajukuu.

Mhariri aliniagiza niandike juu ya maisha ya kila siku katika nchi ya kusini mwa Afrika iliyokuwa ikikaribia uhuru wake. Yapo mambo makubwa ambayo ningeweza kuyatanguliza, mathalani mikutano ya katiba kule London au hotuba za viwanjani, lakini hayo yamekwisha kuandikwa na wengi. Kidirisha cha muuza nyama kimeandikwa kwa uchache, ilhali kwangu mimi ndicho kinachoeleza kwa uwazi zaidi kwa nini watu wasiojua hata herufi moja ya katiba walikuwa tayari kupigwa rungu na kufungwa jela ili mambo yabadilike.

Mji wa pande mbili

Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, kwa istilahi ya kisheria ilikuwa nchi ya himaya. Ilitawaliwa na kampuni ya Cecil Rhodes, British South Africa Company, hadi mwaka 1924 ilipokabidhiwa Wizara ya Makoloni ya Uingereza, na mwaka 1935 makao makuu yake yakahamishwa kutoka Livingstone, jirani na maporomoko ya Mto Zambezi, yakapelekwa Lusaka. Mwaka 1930 Lord Passfield, waziri aliyehusika na makoloni, alitoa waraka uliosema kuwa maslahi ya wenyeji ndiyo ya kutangulizwa, na walowezi wakaghadhibika kwa waraka ule kana kwamba umekwisha kutekelezwa.

Haukutekelezwa. Lusaka ilijengwa kwa namna ambayo mgeni, bila ya kuulizia, angeweza kujua nani ni nani kwa kutazama tu anaelekea upande gani. Barabara ya Cairo, pana na yenye miti, ilikuwa ya maduka ya Wazungu. Ng'ambo ya reli, Kamwala, ilikuwa sehemu iliyotengwa kuwa ya biashara ya daraja la pili, ambako Wahindi waliuza vitambaa, masufuria, baiskeli na mafuta ya taa kwa Waafrika. Na Waafrika wenyewe walikaa katika mitaa ya Kabwata, Chilenje na Matero, katika nyumba ambazo aghalabu hazikuwa zao bali zilifuata kazi, hata mtu akipoteza kazi akapoteza na paa.

Mwanamume mfukoni mwake alichukua situpa, yaani cheti cha kumtambulisha, na askari alikuwa na haki ya kumdai wakati wowote. Mwanamke aliyepika pombe nyumbani apate ada ya shule ya mtoto alitozwa faini, kwa kuwa pombe ya Kiafrika mjini ilikuwa haki ya pekee ya halmashauri, nayo iliiuza katika vilabu vyake na kutumia faida yake kulipia mambo ambayo mitaa ya Wazungu iliyapata kwa njia nyingine.

Lakini hapa yafaa msomaji atue kidogo. Situpa ilikuwa na sheria yake, na pombe ilikuwa na sheria yake. Kidirisha cha nyama hakikuwa nayo. Hapakuwa na kifungu popote kilichomkataza Mwafrika kupita mlango wa mbele wa duka. Ilikuwa ada tu, iliyozoewa na kulindwa na wenye maduka, na kwa sababu hiyo serikali kwa miaka mingi iliweza kunawa mikono na kusema kwamba mambo ya mfanyabiashara na mteja wake hayaihusu.

> Hapakuwa na kifungu popote kilichomkataza Mwafrika kupita mlango wa mbele wa duka. Ilikuwa ada tu.

Ubia uliohubiriwa

Mwaka 1953 Uingereza iliiunganisha Rhodesia ya Kaskazini na Rhodesia ya Kusini na Nyasaland kuwa Shirikisho moja lenye makao yake Salisbury, licha ya upinzani wa wazi wa machifu, wa vyama vya wafanyakazi, na wa chama cha African National Congress kilichoongozwa na Harry Nkumbula. Simon Zukas, kijana wa Kizungu aliyejiunga na Waafrika kuupinga mpango ule, alikuwa amekwisha kufukuzwa nchini mwaka 1952.

Msingi wa Shirikisho, kama ulivyotangazwa, ulikuwa ubia baina ya rangi. Godfrey Huggins, waziri mkuu wake wa kwanza, akaufananisha ubia huo na ule wa farasi na mpandaji wake. Na kwa kuwa maneno yale yalienea haraka, hapakuwa na Mwafrika aliyekuwa na tashwishi juu ya nani anatiwa lijamu.

Wako Wazungu ambao hawakuridhika na hali ile, na insafu yataka watajwe. Mwaka 1954 Sir John Moffat, aliyekuwa katika Baraza la Kutunga Sheria kuyasemea maslahi ya Waafrika, alifaulu kulipitisha azimio lililosema kwamba kila mkazi halali wa nchi ana haki ya kuendelea kwa kadiri ya tabia yake, elimu yake, uwezo wake na bidii yake, pasipo kujali kabila, rangi wala dini. Lilikuwa azimio jema. Hata hivyo wajumbe waliolipigia kura walirudi makwao, na wapishi wao wakatumwa kununua nyama, na wapishi wale wakapanga foleni ukutani kama ilivyokuwa jana yake.

Wanawake wakaacha kununua

Mwanzoni mwa mwaka huo huo wa 1954, Congress iliwataka watu wa Lusaka wayasusie maduka ya nyama. Katibu mkuu wake alikuwa kijana aliyepata kuwa mwalimu wa shule, Kenneth Kaunda, mzaliwa wa Lubwa karibu na Chinsali, ambaye alikuwa akisafiri kwa baiskeli kutoka tawi hadi tawi.

Wito ulitolewa na wanaume, lakini utekelezaji wake ulikuwa mikononi mwa wanawake, maana wao ndio waliopika na wao ndio waliosimama kwenye foleni. Wanaume walitoka asubuhi wakaenda kazini. Mwanamke alibaki na swali la kitoweo cha jioni, na watoto wasioelewa siasa wakimtazama. Walikuwapo samaki wa Mto Kafue; walikuwapo kapenta waliokaushwa, ambao ndio dagaa wale wale wa Ziwa Tanganyika tunaowajua sisi; palikuwapo maharage, na mboga za majani zilizopikwa kwa karanga za kutwangwa, zikaliwa na nshima, yaani ugali. Nyumba iliyozoea nyama Jumamosi ilikula mboga, na wiki iliyofuata ikala mboga tena.

Madai yao yalikuwa machache na ya wazi: waingie ndani, waione nyama, waichague, na waambiwe bei sawa na mtu mwingine. Yeyote mwenye kuyasoma madai hayo leo hataona ndani yake jambo la kuitisha dola, lakini walowezi waliyaona kuwa ni ya kuitisha, nao hawakukosea, kwa sababu mtu akishakubaliwa kuwa ana macho ya kuchagulia nyama, ni vigumu kumwambia kuwa hana akili ya kuchagulia mbunge.

Kaunda mwenyewe aliacha kula nyama ya wanyama katika siku zile, kwa kuona haya kuyapata kwa ajili ya tumbo lake yale ambayo wanawake waliyakosa kwa kudhalilishwa, na hakuirudia tena. Alifariki tarehe 17 Juni 2021, akiwa na umri wa miaka 97.

> Nyumba iliyozoea nyama Jumamosi ilikula mboga, na wiki iliyofuata ikala mboga tena.

Hoja za wenye maduka

Wauza nyama nao walikuwa na maneno yao, na haitakuwa haki kuyaficha. Walisema wateja wao Wazungu watawahama endapo watalazimika kusimama bega kwa bega na wapishi wao wenyewe. Walisema duka ni dogo na foleni ya Waafrika ni ndefu. Walisema mambo ya usafi. Na walisema kwamba kidirisha kinamhudumia Mwafrika kwa haraka zaidi.

Hoja ya usafi naiona dhaifu kupita zote, kwa kuwa mtu yule yule aliyeambiwa ni mchafu mno kusimama mbele ya meza ya duka ndiye aliyeichukua nyama ile mpaka nyumbani kwa Mzungu, akaiosha, akaikata na kuipika, akaiandaa mezani kwa mikono yake. Hoja ya kuhamwa na wateja ilikuwa ya kweli zaidi. Mwenye duka mmoja mmoja aliogopa kuanza peke yake, na katika woga huo wa kila mmoja dhulma ya wote ilipata kudumu.

Serikali ilisema mteja ana hiari ya kutonunua, bali kumzuia mwenziwe ni kosa, na vijana waliosimama karibu na maduka wakapelekwa mahakamani. Ni kweli vilevile kwamba si kila aliyesusia alisusia kwa ridhaa yake. Wako wanawake waliosimamishwa njiani, vikapu vyao vikapekuliwa, na nyama ikatupwa vumbini mbele ya macho ya watu. Dhamiri haiwezi kulipita jambo hilo kimyakimya: mwanamke aliyetoka kudhalilishwa dirishani hakustahili kudhalilishwa tena barabarani na watoto wa jirani zake.

Hata hivyo mgomo uliwauma waliokusudiwa. Nyama haikai, na katika joto la Lusaka haikai kabisa, hivyo kila siku ya mgomo ilikuwa hasara inayonuka. Baadhi ya wauza nyama walianza kulegeza masharti, wakakubali bidhaa ionekane na mteja aichague. Wengine wakashikilia ya kale.

Shilingi ya mchimba shaba

Kusini mwa mpaka wa Katanga, katika miji ya shaba, Kitwe, Luanshya, Mufulira na Chingola, jambo hili lilikuwa na uzito zaidi kwa sababu ndiko zilikokuwa fedha. Zamani kampuni za migodi zilimlisha mfanyakazi kwa posho ya unga, nyama, maharage na chumvi, lakini katika miaka ya 1950 posho ilikuwa ikiondolewa kidogo kidogo na mahali pake kutiwa fedha taslimu, na kwa njia hiyo maelfu ya wake wa wachimbaji wakageuka kuwa wanunuzi. Mchimba shaba sasa alikuwa na shilingi ambayo mwenye duka aliihitaji.

Watu wa miji ile walikuwa wamekwisha kujifunza nguvu ya kukataa. Mwaka 1935 waligoma kwa ajili ya kodi, na askari wakawaua watu 6 Luanshya. Chama chao, kilichoundwa mwaka 1949 na kuongozwa na Lawrence Katilungu, kiligoma mwaka 1952 kwa wiki 3, na mwaka 1955 kwa siku 58. Kazi za ujuzi zilikuwa zimefungwa kwa ajili ya Wazungu, ambao chama chao cha wafanyakazi kilizilinda kwa wivu mkubwa, na ujira wa Mzungu na wa Mwafrika waliokuwa wakiingia shimo moja haukukaribiana hata kidogo.

Katika mashimo yale walikuwamo watu wetu pia. Wanyakyusa wa Rungwe walikwenda kwa wingi, wakavuka mpaka upande wa Tunduma na Nakonde, wakafanya kazi miaka, wakarudi na blanketi, baiskeli na cherehani, na wakarudi kadhalika na habari za vyama vya wafanyakazi. Jirani zao kazini walikuwa Wabemba, Walozi, Wangoni na watu wa Nyasaland, na kwenye foleni ya nyama hapakuwa na aliyeulizwa kabila.

Mwaka 1956 ususiaji wa maduka ulienea katika miji ya shaba, na mwezi wa Septemba, kwa sababu ya migomo iliyofululiza migodini, serikali ikatangaza hali ya hatari, ikawakamata viongozi wengi wa wachimbaji na kuwapeleka mbali na mahali pao pa kazi. Mwaka uliofuata Nkumbula na Kaunda waliingia mkahawani Kitwe wakitaka kununua chakula kama wateja wengine, wakakataliwa, na yakazuka magomvi ambamo Wazungu waliokuwapo waliwapiga.

Kutoka dirishani hadi sandukuni

Nkumbula alianza kuelekea kwenye upole na maafikiano, na vijana wake hawakumfuata. Mwezi wa Oktoba 1958 Kaunda na wenziwe, akiwamo Simon Kapwepwe, wakajitenga wakaunda chama kipya. Kikapigwa marufuku Machi 1959, na Kaunda akafungwa. Alipotoka mwezi wa Januari 1960 alikabidhiwa uongozi wa UNIP, chama kilichoshika nafasi ya kile kilichopigwa marufuku, akahamia nyumba namba 394 Chilenje, nyumba ndogo ambayo hadi leo imehifadhiwa kuwa kumbukumbu ya taifa.

Mwaka ule ule wa 1960 waziri wa makoloni, Iain Macleod, alipofika Lusaka, mwanaharakati Julia Chikamoneka na wanawake wenziwe walimpokea vifua wazi, wakilia. Kwa mila za kwao, mama mtu mzima kujivua nguo mbele ya watu ni laana na msiba, na waliokusudiwa kuelewa walielewa. Na katika mwaka huo huo ikatungwa sheria iliyoharamisha kumbagua mtu kwa rangi yake katika hoteli, mikahawa na sinema. Jambo lililokuwa limeitwa kwa miaka mingi mambo ya mfanyabiashara na mteja wake, ambalo eti serikali haina mamlaka juu yake, lilikomeshwa kwa karatasi na wino mara tu wenye mamlaka walipotaka.

> Lilikomeshwa kwa karatasi na wino mara tu wenye mamlaka walipotaka.

Haya yote hayakwenda kwa utulivu. Mwaka 1961, katika machafuko yaliyoitwa Cha-cha-cha, watu wa majimbo ya Kaskazini na Luapula walizichoma situpa zao hadharani, wakaziba barabara na kuvunja madaraja, na hata shule zikachomwa moto. Vijiji vikaadhibiwa, na watu wakafa. Roy Welensky, dereva wa zamani wa garimoshi na bondia, ambaye ndiye aliyekuwa waziri mkuu wa Shirikisho, alilipigania mpaka mwisho, lakini tarehe 31 Desemba 1963 Shirikisho likavunjwa.

Uchaguzi wa Januari 1964 uliipa UNIP viti 55 kati ya 75. Usiku wa kuamkia tarehe 24 Oktoba bendera ya Uingereza ikashushwa Lusaka. Wanariadha wa nchi ile walikuwa Tokyo katika michezo ya Olimpiki siku zile. Waliingia uwanjani kwa jina la Rhodesia ya Kaskazini, na siku ya kufunga michezo wakawa Wazambia.

Nchi ile ilirithi shaba, na wahitimu wa chuo kikuu wapatao 100 tu kwa watu milioni tatu na nusu. Hayo yalikuwa matunda ya miaka 40 ya himaya ya Wizara ya Makoloni, na kila shida ya utawala iliyofuata yapasa ipimwe pamoja na hesabu hiyo.

Majina ya viongozi wa zama zile yamewekwa katika barabara, shule na viwanja vya ndege. Majina ya wanawake waliokaa wiki nyingi pasipo kitoweo hayajawekwa popote, na waliobaki hai umri wao sasa unapita miaka 80. Nawaomba wasomaji wa Mbeya, wa Tukuyu na wa Kyela, ambao babu na bibi zao waliishi katika miji ya shaba, wawakalie wazee hao wangali na nguvu ya kusema, wawaulize nyama ilinunuliwaje, bei yake ilikuwa nini na siku za mgomo walipika nini, na wayaandike majibu kama walivyoyasikia, kwa majina na tarehe, wayapeleke kwenye maktaba ya mkoa au wayalete kwetu hapa gazetini.